Mtoto Mwenye Akili Nyingi na Shule ya Montessori: Wazazi Wachague Namna Gani?

Mama mmoja wa kartye ya Rwambuzi, katika mji wetu wa Bunia, alitungojea kisha misa ya kwanza ya siku ya Mungu, ameshika mkono wa binti yake mwenye miaka minne na nusu. Akasema: «Padri, mtoto huyu ananishinda. Nikichagua maharagi, yeye anayapanga kumi kumi, kisha ananiambia makumi yamekuwa ngapi. Anataja herufi zilizoandikwa juu ya mifuko ya unga. Jirani wananiambia kuna shule ya namna ya Montessori, lakini ni ngambo ya mji, na minervale yake ni kubwa. Baba yake anatumika na pikipiki. Tuna watoto wengine watatu masomoni. Tufanye nini?»

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe juma moja, kwani jibu lilikuwa na bei: ili kulipa minervale ya mdogo, kaka yake wa sekondari angeweza kubaki nyumbani. Ninyi waseminari, kesho mukiwa mapadri katika paroisi, mutaulizwa maneno kama hayo mlangoni mwa kanisa, na mzazi hatafurahi mukimjibu tu kwamba akili ni zawadi ya Mungu. Hilo analijua tayari. Kwa hiyo tumeona inafaa kueleza hapa shule hiyo ni nini, inafaa mtoto gani, na mzazi aitazame kwa macho gani kabla ya kutoa franka zake.

Maria Montessori alizaliwa katika mji wa Chiaravalle, Italia, mwaka 1870. Alisoma uganga akapata diplome ya daktari huko Roma mwaka 1896, wakati wanawake wachache sana waliothubutu kuingia masomo hayo. Kazi yake ya kwanza haikuwa kati ya watoto wenye akili nyingi, hapana. Ilikuwa kati ya watoto waliochelewa akili, ambao watu waliwafungia pamoja na wenye wazimu. Akasoma vitabu vya waganga wawili Wafaransa, Itard na Séguin, akaona kwamba akili ya mtoto inapitia katika mikono yake. Watoto wale waliposhikishwa vitu vya kupanga, vya kupima na vya kufuatisha kwa kidole, wengine wao walifika kusoma na kuandika. Ndipo akajiuliza: ikiwa hawa wanaendelea hivi, ni nini inayowazuia watoto wazima katika mashule yetu?

Tarehe 6 januari 1907, siku ya Epifania, chumba cha kwanza kilifunguliwa katika kartye ya San Lorenzo, huko Roma. Tusiwaze kwamba ilikuwa kartye ya matajiri. Baba na mama walitumika mchana kutwa, watoto wakabaki peke yao, wakichafua kuta na kuharibu ngazi. Wenye majumba walitaka mtu wa kuwakusanya, ili majumba yao yapone. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, wala haikuwa sababu ya utakatifu. Watoto karibu 50 waliingia, na chumba kikaitwa Nyumba ya Watoto. Leo katika miji mingi ya dunia shule yenye jina la Montessori ni shule ya watu wenye gari nzuri. Lakini kuzaliwa, ilizaliwa pahali panapofanana na Rwambuzi.

Kuna kisa kimoja cha San Lorenzo ambacho tunakipenda. Siku moja Montessori aliwaonyesha watoto namna ya kupenga kamasi kwa leso: kuikunja, kuikaza polepole, kufanya pasipo kelele. Aliwaza watacheka. Watoto wakapiga makofi. Akafahamu kwamba kila siku waligombezwa na kuchekwa kwa ajili ya kamasi, lakini hakuna mtu aliyekuwa amewafundisha kwa heshima namna ya kujisafisha. Wasomaji wetu walio walimu watafute wenyewe ni mambo mangapi tunayomgombeza mtoto bila kumwonyesha hata mara moja.

Sasa tufike ndani ya darasa. Katika shule ya Montessori inayostahili jina lake, watoto wa miaka mitatu, minne na mitano wanakaa pamoja katika chumba kimoja. Vyombo vya kazi viko juu ya mbao fupi, pahali mkono wa mtoto unapofika. Asubuhi mtoto anachagua kazi, anaibeba mpaka juu ya mkeka wake au meza yake, anaifanya mara nyingi kama apendavyo, kisha anairudisha pahali pake. Kwa kawaida kazi hiyo inaendelea muda wa saa tatu pasipo kengele ya kuikata. Mwalimu hasemi sana. Anatazama, anaandika aliyoyaona, anakwenda kwa mtoto mmoja, anamwonyesha jambo moja, anaondoka.

Vyombo vyenyewe vina maana. Kuna mnara wa vipande kumi vya mti: kidogo kabisa kina upande wa santimetre 1, kikubwa kina santimetre 10. Mtoto akikosa mpango, mnara wenyewe unamwambia, kwani kipande kimoja kinabaki au kinaonekana vibaya. Hapaswi kungoja mwalimu aseme «mubaya». Kuna shanga za kuhesabu: shanga moja peke yake, kumi katika waya mmoja, 100 zilizofanywa mraba, 1000 zilizofanywa sawa sanduku. Mtoto wa miaka mitano anashika elfu mkononi na kuona uzito wake, kabla ya kuliandika katika daftari. Kuna herufi zilizokatwa katika karatasi ile ya kukwaruza ambayo maseremala wanalainisha nayo mbao; mtoto anapitisha vidole juu yake na kutamka sauti ya herufi. Mkono unajifunza kuandika kabla ya kushika kalamu. Montessori alieleza jinsi mtoto mmoja wa San Lorenzo, aliyepewa chaki achore bomba la moshi, alivyoanza ghafula kuandika maneno chini, akipaza sauti kwa furaha kwamba anajua kuandika. Hakuna aliyekuwa amempa somo la kuandika.

Hapa tunaomba wazazi wa Ituri wasikilize vema, maana jambo hili halisemwi mara nyingi. Njia hiyo ilifaulu Italia upesi kwa sababu Kiitalia kinaandikwa karibu sawa kinavyosikika. Kiswahili ni vilevile, tena zaidi: mtoto akijua sauti ya m, a, j, i, anaweza kusoma «maji» siku hiyohiyo. Kifaransa sivyo. Kwa kusema maji, Mfaransa anaandika herufi tatu, e, a, u, lakini inasikika sauti moja, wala si sauti ya mojawapo ya hizo tatu. Mtoto mwenye akili akianzishwa kusoma katika Kifaransa, atakariri, kwa sababu akili yake haipati sababu. Akianzishwa katika Kiswahili atafahamu kwamba kusoma ni kazi ya akili, na Kifaransa kitakuja nyuma na magumu yake. Sheria ya mwaka 2014 juu ya malezi ya taifa inakubali luga zetu za taifa zitumike katika kufundisha. Basi mzazi anayeona kwamba shule fulani ni bora kwa sababu watoto wa miaka mitatu wanaimba salamu za Kifaransa mbele ya wageni, anapima kwa mizani isiyo ya kweli.

Mtoto mwenye akili nyingi anapata faida gani? Katika darasa la kawaida, anayemaliza mbele ya wenzake ana njia tatu: kungoja, kusumbua, au kurukishwa darasa. Sisi wenyewe tulimjua kijana aliyerukishwa madarasa mawili katika shule moja ya mkoa wetu. Akili ilitosha, mwili haukutosha: wakubwa walimnyang'anya chakula, akajifunza kuficha anayoyajua ili aachwe na amani. Alipofika miaka kumi na minne hakutaka tena kujibu swali lolote. Katika chumba chenye watoto wa miaka mbalimbali, mwenye kwenda mbio anapita katika shanga za elfu akiwa bado anacheza na wa rika lake. Tena anaombwa kumfunga vifungo mdogo wake wa miaka mitatu, na jambo hilo linamfaa moyo zaidi ya sifa zetu. Maana mtoto wa namna hiyo ana hatari yake nyumbani: wageni wakifika, mama anamwita ahesabu mpaka mia. Mtoto si redio ya kufungulia wageni.

Na ikiwa ni binti, hatari ni nyingine. Tumeona mara nyingi kwamba akili yake inasifiwa mpaka siku mama anapozaa tena; siku hiyo anaonekana kuwa «mtoto mwenye akili ya kuchunga mtoto».

Je, kuna ushuhuda kwamba njia hii inazaa matunda? Sharti tuwe waangalifu, kwani wazazi wanaochagua shule hiyo mara nyingi ni wale ambao wangesaidia watoto wao pahali popote. Katika mji wa Milwaukee, Marekani, kulikuwa na shule ya serkali ya Montessori ambamo watoto waliingizwa kwa kura, maana walioomba walizidi nafasi. Wataalamu wawili, Angeline Lillard na Nicole Else-Quest, wakalinganisha waliopata kura na waliokosa, wakaandika matokeo yao mwaka 2006. Kwa kuwa wazazi wa pande zote mbili waliomba shule ileile, ulinganisho ulikuwa wa haki. Wenye miaka mitano waliosoma Montessori waliwapita wengine katika kutambua herufi na maneno, katika hesabu, na katika kucheza na wenzao kwa haki. Wenye miaka kumi na miwili waliandika hadithi zenye maneno na mawazo bora zaidi, lakini katika mitihani ya kusoma na hesabu hawakuwapita wengine sana. Kwa hiyo ni kitu kizuri, si dawa ya kila ugonjwa. Na mwaka 2012 Lillard alionyesha jambo lingine lenye kutuhusu: madarasa yaliyofuata njia yenyewe kwa uaminifu yaliendelea vema kuliko yale yaliyoichanganya na karatasi na vitu vingine vya desturi.

Jambo hilo linatufikisha kwenye ubao wa mlangoni. Jina la Montessori halina mwenye. Yeye mwenyewe alianzisha chama cha dunia nzima mwaka 1929 ili kulinda kazi yake, lakini mwaka 1967 baraza la Marekani lenye kukata mashauri ya alama za biashara lilisema jina hilo ni la namna ya kufundisha tu, si mali ya chama kimoja. Mtu yeyote anaweza kumlipa fundi wa rangi na kuliandika juu ya nyumba yake. Kwa hiyo mzazi asitazame ubao. Aingie.

Tulimwambia yule mama aombe kukaa katika darasa saa moja, pembeni, kimya, pasipo mtoto wake. Shule inayokataa jambo hilo imekwisha kujibu. Akiisha kukaa, atazame kwanza vyombo viko wapi. Tumeona kwa macho yetu mnara mzuri wa waridi umefungwa ndani ya kabati la kioo, na ufunguo katika mfuko wa mkurugenzi. Unatolewa siku ya wageni. Vyombo vilivyochakaa kidogo pembeni kwa kushikwa ni dalili njema. Vilivyo na vumbi ni dalili mbaya, na vipya kabisa katika shule ya miaka mitano ni dalili mbaya kupita vyote. Atazame mtoto aliyemwaga maji: je, anapigiwa kelele, au anakwenda mwenyewe kuleta tambara? Ahesabu ni mara ngapi mwalimu anakata kazi ya mtoto aliyezama ndani yake. Atazame kama watoto wa miaka mbalimbali wako pamoja, ao wametengwa. Asishangae akiona watoto thelathini na vyombo vya namna moja kimoja kimoja tu. Ni kusudi: asiyepata anangoja, na kungoja ni somo.

Kisha amwulize mwalimu alijifunza wapi, na muda gani. Juma moja la mafundisho halitoshi. Katika Tanzania, masista wakatoliki huko Lushoto, na masista wa Kilutheri huko Moshi, wanafundisha walimu wa kazi hiyo. Kenya, karibu na Nakuru, watu waliofukuzwa katika makao yao na vurugu iliyofuata uchaguzi wa desemba 2007 walipata shule inayoitwa Corner of Hope. Hapo wazazi wenyewe waliokimbia walifundishwa kuwa walimu wa watoto wa kambi. Tunaposoma habari hiyo, sisi wa Ituri, ambao tunajua kambi ni nini, hatuwezi kusema tena kwamba mambo hayo ni ya Ulaya tu.

Wengine kati ya wasomaji wetu watauliza: uhuru huo wa mtoto unapatana na imani yetu? Swali ni la haki. Katika barua Divini illius Magistri, ya tarehe 31 desemba 1929, Papa Pio XI aliwakataza waalimu wanaomwachia mtoto uongozi wote wa nafsi yake, sawa kwamba zambi ya asili haikujeruhi mtu. Wako waliosema neno hilo lilimlenga Montessori, ingawa barua haitaji jina lake. Kwa maoni yetu, anayeingia katika darasa lenye kufuata kweli njia hiyo haoni fujo. Mtoto anachagua kazi, lakini hachagui kuiharibu, wala kumpiga mwenzake, wala kuacha chombo chini. Montessori mwenyewe alikuwa mkatoliki; huko Barcelona palifanywa kapela yenye vitu vya kipimo cha watoto, na mwaka 1922 aliandika juu ya watoto wanaoishi katika Ekleziya. Tangu 1954, huko Roma, Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi walitumia njia hiyo katika katekisimu ya watoto wadogo: altare ndogo ya mti, mchungaji na kondoo wa kushika mkononi. Makatekista wetu wanaweza kuchonga hivyo vyote bila kuagiza kitu ngambo.

Imebaki feza. Masomo ya primeri katika mashule ya serkali, na yale ya makanisa yenye mapatano nayo, ni bure tangu septemba 2019. Lakini shule ya watoto wadogo, na sekondari, zinalipwa. Mtoto anaingia primeri mwenye miaka sita. Basi binti wa Rwambuzi alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja na nusu. Sharti tuseme wazi: matunda ya Montessori yanachumwa zaidi katika mwaka wa tatu, wakati aliyekuwa mdogo anakuwa mkubwa wa chumba. Anayeingia na miaka mitatu anapata yote. Anayeingia karibu na miaka mitano anapata sehemu. Kuvuka mji kila asubuhi juu ya pikipiki, katika vumbi au katika tope, siku nyingine na wasiwasi wa usalama, kwa ajili ya sehemu hiyo, na kaka yake amekaa nyumbani bila masomo? Kwetu sisi bei hiyo ni kubwa kupita, hata kama shule ni nzuri. Kama angekuwa na miaka mitatu, na feza ipo, na darasa limetazamwa vema, tungesema aende.

Na nyumbani je? Mengi yanawezekana, ila mama asigeuze nyumba kuwa darasa la pili. Baba alikata mianzi kumi, wa kwanza santimetre 10, wa mwisho metre 1, akaipaka rangi nyekundu na buluu kila santimetre 10. Ndiyo fimbo za hesabu za Montessori, na hazikuzidi bei ya kopo mbili za rangi. Mchanga mkavu katika sinia unatosha kwa kuandika herufi kwa kidole. Kumimina maharagi toka kikombe mpaka kikombe, kukunja nguo, kukata ndizi na kuwagawia wengine: hayo ni kazi, si mchezo wa kumnyamazisha. Sheria moja tu ni ngumu kwa sisi wakubwa: mtoto akiwa amezama katika kazi yake, tusimwite.

Mama alifanya kama tulivyosema. Alikaa saa moja katika shule yenye ubao mkubwa, akarudi na habari ya watoto hamsini juu ya mabenchi, wanaojibu pamoja. Alikaa pia katika shule ndogo isiyo mbali na kwake, isiyo na jina la mtu yeyote. Chumba kilikuwa kimoja tu. Kwa hiyo watoto wa miaka mitatu mpaka mitano walikuwa pamoja, si kwa elimu bali kwa umaskini. Mwalimu alikuwa na masanduku mafupi, vifuniko vya chupa, mbegu, na sauti ya chini. Mama alipotaka kumsaidia mtoto mmoja kufunga kiatu, mwalimu alimshika mkono akatikisa kichwa. Mama akasema: «Padri, nikajua ni hapa.»

Binti yake anasoma hapo, na kaka yake hakuondolewa sekondari. Juma lililopita tulipita kwao. Sasa yeye ndiye anayemfundisha mdogo wake kumimina maji. Maji mengi yanaanguka chini. Tambara limetundikwa ukutani, chini kabisa, na mdogo ndiye anayepangusa.